Mpira wa Mbali Hufundishwa

Kila mtaa upande wetu huu wa feri una kipa wake ambaye, kwa maneno ya wapenzi wake, akipiga mpira kutoka Likoni watua kisiwani Mombasa. Wa Mtongwe tunaye sasa hivi. Kabla yake alikuwako mwingine wa mtaa wa Shika Adabu, na kabla ya huyo mwingine tena. Hakuna hata mmoja aliyewahi kupimwa. Kivuko cha Likoni kina upana wa karibu nusu kilomita. Nimekivuka asubuhi na jioni miaka yote niliyokuwa kuli bandarini, na nawaambia bila kuapa: mpira hauvuki pale.

Ningeyaacha maneno haya yabaki barazani na kahawa yake, lakini hayabaki. Yaingia kiwanjani. Timu ikipangwa, kocha hutazama nani ana kifua kipana, akasema huyu amejaaliwa nguvu, huyu ndiye atakayepiga mipira ya langoni na kurusha ya pembeni. Wengine waambiwa wakae mbali. Mimi jioni nafundisha watoto wa chini ya miaka 15, na chokaa ya mistari naitia mwenyewe, kwa hivyo haya nayaona kila wiki. Neno langu kwa makocha wenzangu wa Likoni, Kisauni na Changamwe ni hili: umbali hufundishwa, na sisi hatuufundishi.

Kwanza tujue binadamu afika wapi. Januari 19, 2021, kipa Tom King wa Newport County, timu ya ligi ya daraja la nne huko Uingereza, alianzisha mpira langoni mwake dhidi ya Cheltenham Town. Mpira ukavuka kiwanja kizima, ukadunda, ukampita kipa mwenziwe juu ya kichwa, ukaingia. Guinness wakaandika mita 96.01. Kabla yake rekodi ilikuwa ya Asmir Begović wa Stoke City, mita 91.9, Novemba 2013 dhidi ya Southampton, mechi ikiwa na sekunde 13 tu tangu kuanza. Mabao mazuri, lakini mtu wa kupima atawaambia mawili. Upepo ulisaidia, na mdundo ulisaidia. Ninayoiheshimu zaidi ni ya Ederson, aliyekuwa kipa wa Manchester City. Mwaka 2018 aliudondosha mpira kutoka mkononi, akaupiga, ukaenda mita 75.35. Huyo ni miongoni mwa makipa wenye miguu bora waliowahi kuonekana, na hiyo ndiyo siku aliyojiandaa kuvunja rekodi. Kwa hivyo mtu akikuambia kijana wake apiga mita mia hewani, muulize kama alipima kwa tepu au kwa mapenzi.

Mateke niyaache hapo. Kinachoniuma ni mikono.

Mpira wa kurusha ndio mali tunayoitupa ovyo kuliko zote. Mechi moja huwa na mipira ya kurusha hamsini hivi, wakati mwingine zaidi. Sheria yatupendelea: anayepokea mpira wa kurusha hawezi kuotea, hata awe amesimama peke yake na kipa. Adui lazima akae mita mbili mbali na mrushaji. Sharti ni mikono yote miwili, mpira utoke nyuma ya kichwa upite juu yake, miguu yote miwili iguse ardhi kwenye mstari au nyuma yake. Ni hayo tu. Hauhitaji nyasi wala njumu za bei. Kiwanja chetu cha mchanga na changarawe hakiupunguzii mpira wa kurusha hata sentimita. Na bado nenda kiwanja chochote Jumapili, usikilize kocha apigavyo kelele mpira ukitoka: "Rusha tu! Rusha haraka!" Kijana aurusha, waenda kwa beki wa wale wengine, kisha twarudi mbio kulinda lango.

Makuli wenzangu watanielewa upesi nikisema hivi. Gunia la kilo hamsini halirushwi kwa mkono. Mgeni wa kazi hulivuta kwa mabega, na saa nne asubuhi keshachoka, mgongo wamuuma. Mkongwe mwembamba, ambaye ukimwona njiani wamwonea huruma, hulianzisha miguuni, likapanda kiunoni, likapita mgongoni, mikono ikaja mwisho kulisindikiza. Mpira wa kurusha ni vivyo hivyo. Hatua chache za mbio, mguu wa mbele ukanyage imara, kiuno kitangulie, mgongo upinde, kisha mabega na mikono ifyatuke kwa pamoja. Nina msichana mmoja kikosini, mwembamba kweli kweli, awashinda wavulana wenye mikono kama ya mabaharia. Hana siri. Amefundishwa mgongo wake ufanye kazi gani.

Na kuna jambo la pembe, ambalo hata walimu wa sayansi huliingilia kichwa chini. Darasani twaambiwa kitu kikirushwa kwa nyuzi 45 ndipo kinafika mbali. Kwa kipa anayedondosha mpira na kuupiga, hesabu hiyo yakaribia kweli. Kwa mikono sivyo. Mwaka 2006 watafiti wa Chuo Kikuu cha Brunel, Uingereza, walipima mrushaji kwa kamera wakakuta nyuzi zinazofaa ni kama 30. Sababu yake ni mwili wenyewe. Mtu ana nguvu nyingi zaidi akisukuma mbele kuliko akisukuma juu, kwa hivyo akiulaza mpira kidogo autoa kwa kasi kubwa zaidi, na kasi yalipa kuliko pembe. Watoto wetu wakitaka kufika mbali hutazama mbinguni. Ukimshusha macho tu, akalenga paa la nyumba ya jirani badala ya mawingu, aongeza mita kadhaa jioni hiyo hiyo.

Wanaosema umbali ni kipaji cha kuzaliwa nacho na waniambie habari ya Julius Yego. Mtoto wa Nandi, nchi ya wakimbiaji, hakuna aliyekuwa akimngoja arushe mkuki. Alijifunza kwa kutazama video za warushaji wakubwa katika YouTube, mpaka leo jina la Mr YouTube halijamtoka. Mwaka 2015, mashindano ya dunia Beijing, aliurusha mita 92.72 akatwaa dhahabu, na mwaka uliofuata akaleta fedha kutoka Olimpiki za Rio. Mkuki na mpira si mbali. Rory Delap, yule kiungo wa Stoke City aliyewatia watu kiwewe kwa mipira ya kurusha, utotoni alikuwa mrusha mkuki. Mwaka 2008 kipa wa Hull City, Boaz Myhill, alipokuwa akikabiliana na Stoke aliona heri autoe mpira uwe kona kuliko umpe Delap wa kurusha. Fikiria kipa aogopaye mikono kuliko kona!

Kisha yuko Alireza Beiranvand wa Iran. Oktoba 2016, wakicheza na Korea Kusini, alirusha mpira kwa mkono mmoja kutoka langoni mwake, na Guinness baadaye wakauandika mita 61. Huyu alizaliwa katika familia ya wafugaji wa kuhamahama mkoa wa Lorestan, na mchezo wao wa utotoni ulikuwa kushindana kurusha mawe mbali. Alitoroka nyumbani kwenda Tehran kutafuta timu, akalala nje, akaosha magari. Ni yule yule aliyedaka penalti ya Cristiano Ronaldo katika Kombe la Dunia 2018. Sisi Mombasa twajua thamani ya kipa. Mahmoud Abbas, mtoto wa mji huu tuliyemwita Kenya One, alisimama langoni Kenya ilipotwaa Kombe la Challenge la CECAFA mara tatu mfululizo, 1981 hadi 1983. Lakini sikiliza tunavyomsimulia: yote ni mipira aliyoizuia. Kwamba kipa aweza kuanzisha shambulio kwa mkono wake, akamfikia winga kabla beki hajageuka, hilo halimo katika simulizi zetu wala katika mazoezi yetu.

Rafiki yangu anayefundisha timu ya Changamwe hunicheka. Asema mipira mirefu ya kurusha ni soka ya Waingereza wa zamani, sisi Pwani ni watu wa chenga na pasi fupi. Jibu langu ni Thomas Grønnemark. Mdenmark huyu aliwahi kukimbia mbio fupi na kuendesha sleji ya barafuni kwa timu ya taifa lake, na mwaka 2010 aliandikwa na Guinness kwa kurusha mpira mita 51.33, tena kwa kupindua kichwa chini miguu juu kwanza. Mwaka 2018 Jürgen Klopp alimchukua Liverpool awafundishe wachezaji kurusha mpira tu. Watu walicheka kule pia. Lakini sehemu kubwa ya kazi yake haikuwa kurusha mbali. Alifundisha nani asogee wapi ili mpira wa kurusha usipotee. Mwaka 2019 Liverpool wakawa mabingwa wa Ulaya, bao la pili la fainali likifungwa na Divock Origi, mwana wa Mike Okoth wetu, na mwaka 2020 wakatwaa ligi. Sisemi ni kurusha kulikowapa makombe. Nasema klabu yenye Salah na Mané iliona haja ya mwalimu wa kurusha, na sisi wenye kiwanja cha changarawe twaona haya.

Anayerusha mbali huwalazimisha mabeki warudi nyuma, na hapo ndipo pasi fupi hupata nafasi. Chenga zetu zingenenepa.

Kuna upepo pia. Wakati wa kusi, kuanzia Aprili hivi, kiwanja chetu chapulizwa kutoka kusini mchana kutwa, na timu ikipewa upande wa upepo yafaa ipige na kurusha juu kidogo. Ikipewa upande wa pili ilaze mpira. Kaskazi ikija mambo yageuka. Mtoto wa mvuvi ajua upepo wa leo kabla ya kuamka, lakini nahodha akishinda kura ya sarafu huchagua upande penye kivuli. Na timu zetu zikipanda Nairobi, kipa hushangaa mpira wake watoka nje kila mara. Nairobi iko zaidi ya mita 1,700 juu ya bahari. Hewa ya kule ni nyepesi kuliko yetu kwa karibu moja ya sita, haiuzuii mpira vile. Watu husema joto na unyevu wa Mombasa ndio uzito unaouzuia mpira. La, hewa yenye mvuke ni nyepesi kidogo kuliko hewa kavu. Kinachouzuia mpira hapa ni kwamba tuko usawa wa bahari.

Lakini yote haya yahitaji kitu kimoja ambacho hakinunuliwi dukani. Mpira hauwezi kwenda mita sitini pasipo na mita sitini. Kiwanja nilichochezea ujanani Kisauni leo ni nyumba za kupanga na duka la saruji. Wajukuu wachezea kichochoroni, mpira wa juala uliofungwa kamba, na tangu mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku Agosti 2017 hata juala lenyewe ni la kutafuta. Kichochoro chafundisha mguu laini, hilo silikatai. Ila mtoto aliyekua kati ya kuta mbili hajawahi kuuona mpira wake ukiruka mpaka ukachoka wenyewe. Akifika miaka 15 akapewa kiwanja kizima, hajui uzito wa teke lake.

Kwa hivyo serikali ya kaunti, kabla ya kutuahidi viti na taa, itupimie viwanja vilivyobaki. Kila kiwanja cha shule na cha mtaa, Mtongwe mpaka Mikindani mpaka Mlaleo, kipimwe urefu na upana, kiwekwe mawe ya mpaka, na karatasi yake ionekane ubaoni ofisini kwa chifu. Ikijulikana kiwanja kilikuwa mita 98 mwaka huu, mwakani tutaona kama kimebaki 90.

Na makocha tusingoje kaunti. Mistari ya pembeni itiwe alama ya chokaa kila mita kumi. Robo saa ya mazoezi iwe ya kurusha, kila mtu arushe, pamoja na kipa na yule mwembamba anayekaa benchi. Umbali uandikwe daftarini kwa jina, na tarehe, na upepo ulikuwa wa wapi. Wakati wa mapumziko ya mechi, badala ya kumwachia mtu wa spika apige kelele, washindane watoto wa pande zote mbili kurusha. Asiye na tepu ndefu aje Mtongwe aazime yangu, mradi asiirudishe imejaa mchanga.