Kikosi cha Kisasi Kwanza, Avengers Baadaye

Wadau, kimya kingi kina mshindo. Test zimeisha, bumu nalo limeisha (hilo ndo lilitangulia), kwa hiyo kilichobaki wikiendi hii ni kucheki muvi na kubishana.

Jumamosi tulikuwa tisa kwenye laptop moja, tunacheki The Marvels ya mwaka 2023. Haikupita nusu saa swali likawa moja tu: huyu dogo ni nani na hiyo bangili kaitoa wapi? Jamaa yetu mmoja anayejua kila kitu akatuambia ilibidi kwanza tucheki tamthilia mbili za Disney+. Tamthilia mbili! Sisi ambao bando lenyewe tunachangishana.

Nikakumbuka nyumbani Lituhi. Kwa msiopajua, ni huko Ruvuma, ufukweni mwa Ziwa Nyasa, zamani ikiwa chini ya Mbinga na sasa ni wilaya ya Nyasa. Kibanda chetu cha video kilikuwa cha mabati, jenereta linanguruma nje, harufu ya usipa iko pale pale. Muvi zilifika kwa mpangilio wake zenyewe: ya tatu leo, ya kwanza mwezi ujao, ya pili haiji kabisa. Mimi The Avengers ya 2012 niliiona kabla ya Iron Man ya 2008. Mbele yangu alikaa mzee mmoja mvuvi, akageuka: "Wajukuu, huyu mwenye nyundo katokea wapi?" Tukamwambia, "Babu, huyo kamfuata mdogo wake, yule mwenye pembe." Akaridhika, akageukia muvi yake.

Ile muvi ilikuwa ya sita kwenye mlolongo wake (kabla yake kuna Iron Man mbili, Hulk, Thor na Captain America), lakini haikumwacha babu njiani. Kila mtu analetwa upya akiwa kazini: Hulk anatibu wagonjwa Kolkata, Natasha kafungwa kwenye kiti halafu yeye ndo anayemhoji aliyemfunga. Umeshawajua. Ukiwa umeona zile za nyuma unafaidi zaidi, basi, haikuwa ada ya kiingilio.

Sasa msije mkadhani ni ujanja wa Marekani. Elvis Musiba alimleta Willy Gamba peke yake kwenye Kufa na Kupona mwaka 1974. Miaka mitano baadaye, 1979, ndo akatoa Kikosi cha Kisasi, majasusi wa nchi mbalimbali za Afrika wanakutana Kinshasa kulipiza kisasi cha wapigania uhuru. Hebu litafsiri hilo jina kwa Kiingereza halafu uniambie umepata nini! Na mimi nilianza na hicho cha kikosi, manake ndicho nilichoazimwa, na sikupotea hata ukurasa mmoja.

DC wao walikuwa na haraka. Man of Steel 2013, kisha 2016 Batman na Superman wanapigana, na humo humo Flash, Aquaman na Cyborg tunatambulishwa kwa vipande vya video kwenye kompyuta, kama mtu anakuonyesha picha za harusi usiyoalikwa. Mwaka uliofuata Justice League, eti tulie nao. Aquaman akaja kupata muvi yake 2018, baada ya kikosi! Universal ndo usiseme: mwaka 2017 walitoa picha ya pamoja ya mastaa wa mlolongo wao wa mazimwi, The Mummy ikaanguka, na mlolongo ukaishia hapo.

Kwa hiyo studio zikiniuliza (haziniulizi), nasema hivi: andika muvi ya babu wa Lituhi. Aliyekuja leo kwa mara ya kwanza aelewe nani anataka nini na nani anamzuia. Kikosi kije pale tu kazi inapomshinda mmoja. Na ratiba ya miaka kumi ikae kabatini. Disney wenyewe mwaka 2024 walisema watapunguza muvi za Marvel ziwe mbili, zikizidi tatu kwa mwaka. Wamechelewa kidogo, lakini haya.

Najua kuna atakayeniambia Endgame ya 2019 ilikuwa ya 22 na huwezi kuielewa bila zile nyingine, na bado ilijaza kumbi dunia nzima. Kweli. Ila ile ilikuwa mwisho, watu walishawazika na kuwalilia kwa miaka kumi na moja. Huwezi kuanza na matanga.

Na siku prodyuza wa Bongo atakapopata hela ya kumkutanisha Willy Gamba na Joram Kiango wa Ben Mtobwa, namwomba asianze na siku wanayokutana. Willy ni mtu wa serikali, anatumwa. Joram hana bosi, anajituma. Hawa wawili wakiingia chumba kimoja tutabishana hosteli nzima, lakini kwanza nipe muvi moja ya Joram na Nuru tu, niwapende, ndo uniletee Willy.

Halafu aliyechukua Kikosi cha Kisasi changu chumba cha pili airudishe kabla ya UE, najua ni nani.