Laptopu ya zamani isihukumiwe kwa kosa la waifai

Laptopu ya zamani ikishindwa kushika waifai ya nyumbani, hukumu hutolewa haraka: imechoka, haifai, itafutwe nyingine. Naipinga hukumu hiyo. Mara nyingi mashine yenyewe ni nzima. Kioo kinawaka, kibodi inaandika, prosesa inafanya kazi, na kilichokwama ni mapatano kati ya kadi ndogo ya waifai iliyo ndani yake na ruta mpya iliyotundikwa ukutani. Mapatano hayo hurekebishika, aghalabu bila kununua chochote. Na kwa kuwa watu wengi Tanzania na Kenya hununua laptopu za mtumba, zilizokwisha kutumika katika ofisi za Ulaya na Marekani, jambo hili linagusa mifuko ya familia nyingi na masomo ya watoto wanaoandika insha kwa simu ilhali kompyuta imelala kabatini. Nasema pia kwamba kazi ya kuiunganisha isiachiwe mwenye nyumba peke yake. Muuzaji wa laptopu na kampuni ya intaneti wana sehemu yao, tena sehemu hiyo ni nyepesi kwao kuliko kwa mteja.

Tuanze na masafa, maana hapo ndipo wengi hukwama. Kiwango cha kwanza cha waifai kilitolewa mwaka 1997, lakini kadi za ndani zilianza kuwa jambo la kawaida kwenye laptopu baada ya kampuni ya Intel kuleta teknolojia yake ya Centrino mwaka 2003. Kadi nyingi za miaka ile zilitengenezwa kwa gigahezi 2.4 tu. Ruta za leo hutumia gigahezi 2.4 pamoja na gigahezi 5, na kiwango cha waifai kiitwacho ac, kilichoidhinishwa mwisho wa mwaka 2013, hufanya kazi kwenye gigahezi 5 pekee. Sasa fundi akizima 2.4 ili mteja afurahie kasi, laptopu ile haitauona mtandao hata ikiwekwa juu ya ruta. Ni kama redio yenye bendi ya AM tu: kituo cha FM kikiwa mtaa wa pili, bado hakitasikika. Dawa yake iko ndani ya ukurasa wa mipangilio ya ruta, nayo ni kuwasha gigahezi 2.4 na kuipa jina lake ili mtu ajue anachagua nini. Isitoshe, gigahezi 2.4 hupenya kuta za matofali vizuri zaidi kuliko 5, kwa hiyo hata chumba cha mwisho kitafaidika. Kuna kizuizi kingine ambacho hata baadhi ya mafundi hawakijui. Kadi nyingi zilizoundwa kwa ajili ya soko la Marekani husikiliza chaneli 1 hadi 11 tu, ilhali katika nchi nyingine nyingi ruta inaruhusiwa kutumia 12 na 13. Ruta ikijichagulia chaneli 13 usiku, laptopu iliyotoka Marekani huamka haioni kitu, huku simu zote nyumbani zikiendelea kama kawaida. Kuifunga ruta kwenye chaneli 1, 6 au 11 humaliza tatizo hilo.

Laptopu nyingine huuona mtandao lakini hukataa nywila iliyo sahihi. Hapa chanzo ni kizazi cha ulinzi. Ulinzi wa kwanza, WEP, ulionyeshwa na watafiti mwaka 2001 kuwa unavunjika; WPA ikaja mwaka 2003 na WPA2 mwaka 2004. Tangu Machi 2006 kifaa chochote kilichotaka cheti cha Wi-Fi Alliance, muungano unaothibitisha vifaa vya waifai, kililazimika kuifahamu WPA2, maana yake laptopu nyingi zilizouzwa katika miaka iliyofuata zinaifahamu. WPA3 ilitangazwa mwaka 2018, na ruta iliyowekwa WPA3 peke yake itaikataa laptopu ya mwaka 2010 hata nywila ikiandikwa bila kosa. Ruta nyingi zinazoijua WPA3 zina mpangilio wa kuichanganya na WPA2, na huo unatosha. Jambo la kuepuka kabisa ni kurudi nyuma hadi WEP, au kuondoa nywila, kwa ajili ya mashine moja. Hapo nyumba nzima imeachwa wazi kwa yeyote aliye karibu.

Halafu kuna hali inayowachanganya watu kuliko zote, ya laptopu kusema imeunganishwa huku kila tovuti ikitoa onyo la hatari. Wengi huilaumu waifai au kampuni. Mara nyingi kosa ni saa. Ndani ya laptopu kuna betri ndogo, kwa nyingi ni ya aina ya CR2032, inayotunza tarehe mashine ikiwa imezimwa. Betri hiyo ikiisha, laptopu huamka ikiamini bado iko mwaka ilipotoka kiwandani. Tovuti salama hutumia vyeti vyenye tarehe ya kuanza na ya kuisha, na mashine yenye tarehe ya zamani huviona vyeti vya leo kama ambavyo muda wake haujaanza. Kurekebisha tarehe huponya papo hapo, na betri yenyewe ni ya bei ndogo. Ikiwa saa ni sahihi na maonyo hayakomi, tatizo ni umri wa mfumo. Tarehe 30 Septemba 2021, kwa mfano, cheti kikuu cha zamani kilichotegemewa na tovuti nyingi mno kiliisha muda, na mashine zisizokuwa na cheti kipya zikaanza kuzikataa tovuti zilizokuwa zikifunguka hadi siku iliyotangulia. Laptopu haikuharibika siku ile. Programu zake zilikuwa hazijasasishwa.

Hapo ndipo linapoingia pingamizi ninaloliheshimu kuliko mengine yote. Mtu wa usalama wa mitandao atasema: afadhali mashine hizo zibaki nje ya mtandao. Windows XP iliacha kupata marekebisho ya usalama Aprili 2014, Windows 7 Januari 2020, na Windows 10 imemaliza msaada wake wa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, wakati Windows 11 inakataa rasmi prosesa nyingi zilizotengenezwa kabla ya mwaka 2017. Anasema kweli kuhusu hatari. Mtu asiingie kwenye akaunti ya benki kwa Windows XP, na hilo halina mjadala. Lakini hatari anayoieleza ni ya mfumo endeshi, na mfumo endeshi hubadilishwa. Linux Mint na Lubuntu hutolewa bure, hupokea marekebisho ya usalama, na zinaweza kujaribiwa kutoka kwenye flashi kabla ya kugusa diski, hivyo mtu anajua mapema kama waifai itashika. Baadhi ya kadi, hasa za Broadcom, huhitaji programu ya ziada inayopakuliwa mtandaoni, na hapo mtu hujikuta anahitaji intaneti ili apate intaneti. Njia ipo: simu ya Android ikiunganishwa kwa waya wa USB hugawa mtandao wake kwa laptopu, au waya wa mtandao ukachomekwa moja kwa moja kutoka kwenye ruta. Ruta nyingi pia zina mtandao wa wageni uliotengwa na vifaa vingine vya nyumbani. Mashine ambayo bado haijaaminika ikae huko.

Pingamizi la pili ni la fedha na muda: kwa nini mtu ahangaike na chuma kikuukuu wakati simu inafanya kila kitu? Simu haifanyi kila kitu. Kuandika ripoti ya kurasa ishirini, kupanga hesabu za duka kwenye jedwali au kujifunza kuandika programu kunahitaji kibodi na kioo kipana. Hata kadi ya waifai ikiwa imekufa kweli, adapta ya kuchomeka kwenye tundu la USB hugharimu sehemu ndogo sana ya bei ya laptopu nyingine, na waya wa mtandao huwa nafuu zaidi. Na laptopu mpya ya bei ya chini kabisa, ambayo kumbukumbu yake imegandishwa kwenye bodi na haiongezeki, si lazima iwe bora kuliko ya ofisini ya miaka kumi iliyopita inayokubali kuongezewa kumbukumbu na kubadilishiwa diski. Nakubali kwamba mpaka upo. Mashine yenye gigabaiti moja ya kumbukumbu haitaubeba mtandao wa leo hata ikishika waifai barabara, na ni dhuluma kumuuzia mzazi mashine ya namna hiyo ukimwambia itamfaa mtoto. Yenye gigabaiti nne na kuendelea inastahili kujaribiwa kwa uvumilivu kabla ya kuachwa.

Kuziacha ovyo kuna gharama yake. Ripoti ya Umoja wa Mataifa iliyotolewa mwaka 2024 ilikadiria kwamba dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka za elektroniki mwaka 2022, na ni asilimia 22.3 tu zilizothibitika kukusanywa na kuchakatwa kwa utaratibu unaofaa. Kila laptopu inayorudi kazini inachelewesha fungu lake la risasi na plastiki kufika dampo, na madampo yetu hayana ulinzi wa kutosha dhidi ya sumu hizo.

Kwa hiyo kampuni za intaneti zinazoingia majumbani zina la kufanya. Fundi asiondoke mpaka ameuliza kama kuna kompyuta ya zamani nyumbani, aiache gigahezi 2.4 ikiwa wazi kwa jina lake, aweke ulinzi wa WPA2 na WPA3 kwa pamoja, na amkabidhi mteja nywila ya mipangilio ya ruta iliyoandikwa kwenye karatasi. Kazi hiyo ni ya dakika chache kwa mtu mwenye ujuzi. Wauzaji wa mtumba wa Kariakoo jijini Dar es Salaam na wa Luthuli Avenue jijini Nairobi nao wajue kwamba kuwaka kwa kioo hakutoshi kuwa kipimo. Mnunuzi, kabla ya kuhesabu noti, adai laptopu izimwe, ichomolewe kabisa kwenye umeme, iwashwe tena, tarehe ikaguliwe, iunganishwe na waifai mbele yake, na tovuti ya benki yake au ya baraza la mitihani ifunguke bila onyo lolote.