Fundi yuko Siyu, muhuri uko Nairobi

Hebu chukulia una kiwanja Siyu, kisiwani Pate, na una vijisenti vya kujenga nyumba. Fundi unaye. Ni mtu wa hapo hapo, baba yake fundi, babu yake fundi. Anajua tumbawe gani ni la ukuta na lipi ni laini la kuchonga zidaka. Anajua chokaa ikishachomwa haikimbiliwi kesho yake, inalazwa na maji kwa miezi. Anajua boriti ya mkoko ikizidi urefu fulani itapinda, ndiyo maana vyumba vya nyumba za kale ni vyembamba na virefu. Hiyo ni hesabu ya mzigo, msomaji wangu, hata kama hakuna aliyeiandika kwenye karatasi.

Kitu kimoja tu hana. Muhuri.

Sheria inayosema nani aitwe msanifu majengo Kenya ni Sura ya 525, na ilianza kufanya kazi 1934. Ndiyo, Mwingereza akiwa bado ameketi Nairobi. Imerekebishwa hapa na pale lakini mifupa ni ile ile: kuna bodi, wengi wanaiita BORAQS, inayoweka orodha ya wasanifu na wakadiriaji wa gharama za ujenzi. Kama jina lako halimo, huruhusiwi kufanya kazi ukitumia hilo jina la msanifu. Kisha kaunti na Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi, NCA, iliyoundwa kwa sheria ya 2011, wanataka ramani zenye muhuri wa watu walio kwenye orodha hizo.

Siyu yenyewe ilikuwa mji wa mafundi kabla hata ya hiyo 1934 kufikiriwa. Ngozi, nakshi za mbao, misahafu iliyonakiliwa kwa mkono. Ngome ya karne ya 19 bado iko pale ukingoni mwa maji, na wanahistoria wanabishana hadi leo kama iliinuliwa na watu wa Siyu wenyewe au na upande wa Sultani wa Zanzibar. Vyovyote iwavyo, hakuna bodi iliyoipigia muhuri, na imesimama.

Sasa usinielewe vibaya. Kuna wale wanaosema leseni zote ni ulaji, serikali itoke tujenge tunavyotaka. Hao mimi siko nao. Aprili 2016 jumba la ghorofa 6 lilianguka Huruma, Nairobi, usiku wa mvua, na watu zaidi ya 40 wakafa. Pale palikuwa na ujenzi wa kujitakia, kando ya mto, bila idhini. Nyumba ikianguka haiulizi kama uliokoa pesa ya msanifu. Kwa hivyo lazima awepo wa kukagua na wa kushtakiwa. Swali langu ni jingine: kwa nini mlango wa kuingia kwenye orodha ni mmoja tu, na uko mbali hivyo?

Tuanze na pesa. Kanuni zilizo chini ya Sura ya 525 zina jedwali la ada, na hesabu ya kawaida ni asilimia ya gharama ya jengo. Fikiria vizuri maana yake. Jengo likiwa ghali, ada inapanda. Jengo likiwa la mawe ya hapo hapo, chokaa ya hapo hapo na boriti za mikoko ya hapo hapo, ada inakuwa ndogo. Sasa ni msanifu yupi wa Nairobi atapanda ndege au basi hadi Lamu, apande boti hadi Mtangawanda, achukue boda hadi Siyu, kwa asilimia ya nyumba ya matumbawe? Hayupo, na simlaumu, naye ana kodi ya ofisi. Kinachotokea unakijua. Unanunua ramani iliyochorwa kwa ajili ya Kitengela, inapigwa muhuri, na Siyu inapata nyumba ya zege na mabati. Chumvi ya bahari inaingia ndani ya zege, chuma kinapata kutu, kinavimba, dari inaanza kumeguka. Hiyo ndiyo nyumba halali. Ile ya fundi ndiyo ya wasiwasi.

Utasema, basi vijana wa Siyu wasome wawe wasanifu. Sawa. Usanifu chuo kikuu ni kama miaka 6. Mfumo wa ufadhili uliotangazwa Mei 2023 uliwagawa wanafunzi kwenye madaraja 5 kulingana na hali ya nyumbani, ukawapa mchanganyiko wa ruzuku na mkopo. Desemba 2024 Mahakama Kuu ikasema unakiuka Katiba, serikali ikakata rufaa, na mwanafunzi akabaki katikati akiangalia simu. Mimi chuo niliacha mwaka wa pili, karo ilinishinda, kwa hiyo najua kidogo hiyo hali ya kuangalia simu.

Lakini tuseme umetoboa hiyo miaka 6. Bado si msanifu! Unatakiwa ufanye kazi chini ya msanifu aliyesajiliwa, ujaze rekodi ya kazi zako, kisha ukae mitihani ya bodi, na kila hatua ina ada. Ofisi za hao wasanifu ziko Nairobi kwa wingi, na chache Mombasa. Na hapa ndipo mambo yanapomwagika, kwa sababu basari ya kaunti, ya CDF, na mkopo wa HELB vyote vinaisha siku unapovua joho. Hakuna basari ya kulipa nyumba Nairobi huku ukipata mshahara wa mwanagenzi. Mtoto wa mjini analala kwao. Mtoto wa Siyu anarudi nyumbani na shahada isiyo na muhuri.

Ufadhili mkubwa uliotajwa sana Lamu ni ule wa vijana 1,000 chini ya mradi wa LAPSSET, na mkazo ulikuwa bandari. Ni sawa, gati la kwanza lilifunguliwa Mei 2021 na kazi za bandari zinahitaji watu. Lakini mji wa kale wa Lamu uko kwenye orodha ya Urithi wa Dunia tangu 2001, na mahakama iliyotoa hukumu ya kesi ya LAPSSET Aprili 2018 iliona wazi kwamba athari kwa utamaduni wa Lamu hazikushughulikiwa. Kufundisha dereva wa kreni bila kufundisha mtu wa chokaa, hapo hesabu haijakamilika.

Japani walifanya kitu. Sheria yao ya wasanifu ya 1950 ina leseni za daraja la kwanza na la pili, na miaka ya 80 wakaongeza ya tatu, ya majengo ya mbao peke yake. Mwenye hiyo anaruhusiwa nyumba ndogo ya mbao hadi ghorofa mbili, hagusi zege kubwa. Na fundi asiye na shahada, akishafanya kazi miaka 7, anaruhusiwa kukaa mtihani. Wamempa mlango wake na mipaka yake, akikosea anashtakiwa kama wengine.

Kenya ingeweza kuandika leseni ya mawe na chokaa kwa namna hiyo hiyo. Vipande vingine viko tayari. NITA inatoa mitihani ya ufundi kwa gredi, na NCA tayari inasajili mafundi wenye ujuzi, ila usajili huo unakuruhusu kujenga, haukuruhusu kutia saini ramani hata ya chumba kimoja. Kanuni mpya ya majengo ilianza kutumika Machi 2025 ikichukua nafasi ya ile ya 1968, na Sura ya 525 ikabaki pale pale.

Bunge linaweza kuchukua miaka. Kaunti haihitaji kulingoja. Jedwali la Nne la Katiba limezipa kaunti vyuo vya ufundi vya vijijini na mipango ya maendeleo. Lamu inaweza kumlipa msanifu mmoja aliyesajiliwa, aje Pate kila robo mwaka, akae na mafundi, wachore pamoja ramani tatu nne za nyumba za matumbawe, azipige muhuri, na ziwekwe ofisini mtu azichukue bure. Pesa yake ni ndogo kuliko gari moja la ofisa. Bajeti ya kaunti hupelekwa kwa wananchi kila mwaka kabla ya kupitishwa, na kikao cha wadi kinatangazwa msikitini na kwenye WhatsApp. Nenda na hilo swali, na umchukue fundi wako mwende naye.