Mwanamichezo Avutaye Bangi: Aadhibiwe, Lakini Asitupwe

KILA sifa njema anastahiki Allah (s.w.), Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake, swahaba zake na kila aliyefuata mwendo wao mpaka Siku ya Malipo. Ama baada ya hayo.

Ndugu Waislamu, Ijumaa moja hivi karibuni, hapa mjini Morogoro, mzazi mmoja alitusubiri mlangoni mwa msikiti mpaka watu wakapungua. Mwanawe ana umri wa miaka kumi na tisa na amesajiliwa na timu ya mpira ya daraja la chini. Kwa muda wa miezi miwili mzazi huyu amekuwa akisikia harufu ya bangi katika nguo za kijana wake. Akatuambia: "Shehe, nikimweleza kocha, mwanangu atafukuzwa. Nikinyamaza, ataangamia. Nifanye lipi?"

Hatukuwa na jawabu la haraka. Tumeona tuliweke swali lake mbele yenu, kwa kuwa si lake peke yake. Je, mwanamichezo anayeutegemea mchezo kwa riziki yake, akibainika kuwa anatumia bangi, aadhibiwe? Na kama ni ndiyo, kwa adhabu gani na kwa lengo gani?

Mkazi wa Morogoro hahitaji kusimuliwa habari za bangi. Milima ya Uluguru, ambayo Allah ameifanya kuwa chemchemi ya mito inayoujaza Mto Ruvu na kuinywesha Dar es Salaam, imebarikiwa kwa mboga za Mgeta na kwa ndizi na viungo vya Kinole. Lakini katika mabonde na mapori ya wilaya hii wapo pia waliochagua kulima kisichofaa. Mwaka 2023 Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ilifika katika Wilaya ya Morogoro na kuteketeza mashamba ya bangi. Kutoka mashamba hayo mpaka kijiwe kilicho nyuma ya kiwanja cha mpira si safari ndefu.

Na mji huu ni wa mpira. Wazee wanaikumbuka Mseto ya Morogoro, iliyotwaa ubingwa wa Tanzania mwaka 1975. Vijana wa jana wanaikumbuka Mtibwa Sugar ya Manungu, Turiani, iliyochukua ubingwa mara mbili mfululizo, mwaka 1999 na mwaka 2000. Kwa kijana wa Mwembesongo, Kihonda au Matombo, mguu wake ni mtaji. Ndiyo maana suala hili ni la nyumba zetu kabla ya kuwa la viwanja.

Ulimwengu unasemaje?

Shirika la Dunia la Kupambana na Dawa za Kuongeza Nguvu Michezoni, WADA, limeiweka bangi katika orodha ya vitu vilivyokatazwa wakati wa mashindano. Mwaka 2013 lilipandisha kiwango kinachomtia mchezaji hatiani kutoka nanogramu 15 hadi 150 kwa mililita moja ya mkojo, ili anaswe zaidi yule aliyevuta karibu na siku ya mashindano. Tangu mwaka 2021 kanuni zimelegezwa tena. Mchezaji akithibitisha kwamba alitumia nje ya mashindano, na si kwa ajili ya kuongeza uwezo wake, hufungiwa miezi mitatu. Akikubali kuingia katika mpango wa tiba ulioidhinishwa na kuumaliza, adhabu hiyo inaweza kushushwa mpaka mwezi mmoja.

Aliyeonja kanuni hiyo mbele ya macho ya dunia ni mkimbiaji wa Marekani, Sha'Carri Richardson. Mwezi Juni mwaka 2021 alishinda mbio za mita 100 katika mchujo wa Olimpiki uliofanyika katika jimbo la Oregon. Siku chache kabla ya hapo mwandishi wa habari alikuwa amempasha, katikati ya mahojiano, kwamba mama yake mzazi amefariki. Katika majonzi hayo akavuta bangi, katika jimbo ambalo sheria yake inaruhusu. Vipimo vikamuumbua, ushindi wake ukafutwa, akafungiwa mwezi mmoja, na mbio za mita 100 za Olimpiki ya Tokyo zikampita. Wengi walilia kwamba ameonewa. Yeye alikiri kosa na kutumikia adhabu. Mwaka 2023 akawa bingwa wa dunia wa mita 100 mjini Budapest.

Wapo waliokwenda mbali zaidi. Ligi ya mpira wa kikapu ya Marekani, NBA, iliacha kuwaadhibu wachezaji wake kwa bangi kwa mkataba wa mwaka 2023. Hoja yao ni kwamba bangi haimwongezei mtu kasi wala nguvu, na kwamba afanyalo mchezaji nyumbani kwake ni lake. Wanaongeza hoja ya tatu, nayo ina uzito: vipi aadhibiwe mvuta bangi wakati mlevi wa pombe anaachwa? Tukiwa wakweli, hapo wametushika. WADA iliiondoa pombe katika orodha yake mwaka 2018. Na hapa kwetu, kwa miaka kadhaa, jezi za Simba na Yanga zilibeba vifuani nembo ya bia, na sisi tukazinunulia watoto wetu wavae. Anayekemea msokoto huku amevaa tangazo la chupa ajitazame kwanza.

Lakini udhaifu wa watu katika pombe hauihalalishi bangi. Unaonyesha tu kwamba mizani yao haikuwa sawa tangu mwanzo.

Sheria ya Allah inasemaje?

Mizani yetu haianzi na swali la kama bangi inaongeza kasi. Qur'ani Tukufu, katika Suratul Maida, aya ya 90 na 91, imeamrisha kujiepusha na ulevi na kamari, na ikaeleza sababu: shetani hutia kwavyo uadui na chuki baina ya watu, na huwazuia na kumkumbuka Allah na swala. Mtume (s.a.w.) amebainisha kwamba kila kinacholevya ni haramu, kiwe cha kunywa au vinginevyo. Na imepokewa kutoka kwa Mama wa Waumini Ummu Salama, katika Sunan ya Abu Dawud, kwamba Mtume alikataza kila kinacholevya na kila kinacholegeza. Mwanamichezo alizingatie neno hilo la pili. Yeye anaishi kwa miguu isiyolegea na jicho lisilochelewa. Bondia aliyelegea huumizwa, na kipa aliyelegea huwaangusha wenzake kumi.

Bangi haikuwa mashuhuri katika miji ya Waislamu zama za Mtume. Ilipoenea karne kadhaa baadaye, wanavyuoni hawakunyamaza. Ibn Taymiyya, aliyefariki mwaka 1328, aliharamisha na kutaka mtumiaji aadhibiwe kama mnywaji wa pombe. Az-Zarkashi, mwanachuoni wa madhehebu ya Shafi, madhehebu ya wengi wetu katika Afrika Mashariki, aliandika kitabu kizima juu ya uharamu wake. Walichotofautiana ni aina ya adhabu tu. Wapo waliosema ni hadi, yaani adhabu iliyokwishapangwa. Wengi katika wanavyuoni wa Kishafi wamesema ni taaziri, yaani adhabu ya kutia adabu, ambayo kiongozi huipima kwa kutazama kosa, mkosaji na manufaa yatakayopatikana.

Hapo ndipo tunaposimama. Adhabu ya mvuta bangi imekusudiwa kumtia adabu na kumrudisha. Adhabu isiyo na njia ya kurudi haijatimiza kusudio lake.

Misingi miwili

Msingi wa kwanza: nyota asisamehewe kwa sababu ni nyota. Bukhari na Muslim wamepokea kutoka kwa Bibi Aisha habari ya mwanamke wa ukoo mtukufu wa Makhzumu aliyeiba. Jamaa zake wakamtuma Usama bin Zaid amwombee. Mtume (s.a.w.) alighadhibika, akawaambia watu kwamba umma za kabla yao ziliangamia kwa kuwa mtukufu alipoiba walimwacha, na mnyonge alipoiba wakamwadhibu. Akaapa kwamba hata angekuwa binti yake Fatma, hukumu ingempitia.

Msingi wa pili: anayeadhibiwa asilaaniwe. Bukhari amepokea kutoka kwa Umar bin Khattab habari ya swahaba aitwaye Abdullah, mcheshi aliyezoea kumchekesha Mtume. Mtu huyu alikuwa akiadhibiwa kwa kunywa pombe. Siku moja akaletwa tena, akaadhibiwa, na mmoja wa waliohudhuria akamlaani kwa wingi wa kuletwa kwake. Mtume alimkataza, akashuhudia kwamba mtu yule anampenda Allah na Mtume Wake. Tazameni, ndugu zetu. Adhabu haikufutwa, na mapenzi hayakufutwa. Na katika upokezi mwingine wa Bukhari, Mtume aliwakataza watu wasimsaidie shetani dhidi ya ndugu yao.

Sasa tujipime. Tunamkumbuka kijana mmoja wa mtaa wetu, miaka mingi iliyopita, winga wa kushoto ambaye akishika mpira watoto walipanda juu ya miti. Alianza kuvuta kambini. Viongozi wa timu yake walijua. Maadamu alikuwa akifunga magoli, walimfichia, na siku asiyofika mazoezini walisema ana homa. Huko ni kumwacha mtukufu. Alipoumia goti na magoli yakakatika, ghafla wakagundua kuwa ni mvuta bangi. Jina lake likasomwa mbele ya wanachama, akaitwa muhuni, akatolewa kambini na begi lake usiku. Huko ni kumlaani mnyonge. Hakuna aliyempeleka hospitali. Mama yake alimaliza miaka yake akimtafuta katika vijiwe, na yeye hadi leo hutembea barabarani akizungumza peke yake.

Na sisi tulikuwa wapi? Tulikuwa jukwaani. Tulimshangilia tukijua, na alipotolewa tukasema amejitakia. Hatukumpa nasaha wala hatukumtembelea. Viongozi wale wana la kujibu mbele ya Allah, na sisi tunalo letu.

Tunalopendekeza

Jawabu letu, basi, ni hili. Ndiyo, aadhibiwe. Asimamishwe mapema, akiwa bado na magoli miguuni, kwa kipimo kilekile kwa nahodha na kwa mchezaji wa akiba. Mwenye kumfichia mchezaji kwa ajili ya pointi tatu naye aadhibiwe, kwani ameuza afya ya mtoto wa mwenziwe. Lakini kusimamishwa kuandamane na tiba na ushauri nasaha, kuwe na mwisho unaojulikana, na akitengemaa arudishwe bila kunyooshewa kidole. Ikiwa kanuni za dunia zimeweza kumpunguzia adhabu anayekubali tiba, klabu zetu zinashindwa nini?

Tutofautishe pia mtumiaji na mfanyabiashara. Sheria ya nchi ya mwaka 2015 inahesabu kulima, kumiliki, kuuza na kutumia bangi kuwa makosa ya jinai, na wala hatumwambii mtu aivunje. Mabondia wetu walipokamatwa na dawa za kulevya nchini Mauritius mwaka 2008, taifa zima liliona haya, na ilistahiki. Biashara ya namna ile haistahili huruma anayostahili kijana aliyenasa. Mkono mzito umwelekee anayepeleka mzigo kijiweni.

Na wazazi tusiwaachie makocha malezi. Waswahili wamesema, mchelea mwana kulia hulia yeye. Hapa Uluguru, ambako kwa mila mtoto huhesabiwa upande wa mama, mjomba ana sauti isiyopuuzwa. Sauti hiyo itumike sasa, si siku ya kugawana viwanja. Maimamu nao wafike viwanjani jioni, wakae na vijana baada ya mazoezi. Kijana ambaye hatumsalimii kiwanjani hatatusikiliza mimbarini.

Kwa mzazi aliyetusubiri mlangoni tunasema: kunyamaza si huruma. Anza nyumbani. Mkalishe mwanao na mjomba wake, mwambieni mnachokijua bila matusi, na mpelekeni kwa mtaalamu wa afya. Kisha nendeni kwa kocha yeye mwenyewe akiwemo, akiri kwa ulimi wake. Akisimamishwa, avumilie. Msimu mmoja nje ya kiwanja ni mfupi kuliko umri mzima barabarani. Na ikiwa timu itamfukuza moja kwa moja, basi asifukuzwe na nyumba yake, wala asifukuzwe na msikiti wake. Njoo naye Ijumaa, akae nasi safu ya mbele.

Tunamuomba Allah awahifadhi vijana wetu na kila kinacholevya na kinacholegeza, awaponye walionasa, na atusamehe sisi tulioona tukanyamaza. Amin.

Wabillahi tawfiq.