Kata Kushoto! Kushoto Kwa Nani?

Haya wasomaji, leo siandiki kuhusu Linux wala lugha za programu. Leo nina hasira, na kilichonikasirisha ni trela. Msikimbie, kwa sababu mwishowe mtaona kwamba ni mambo yale yale ya kompyuta.

Kisa chenyewe ni hiki. Mjomba wangu wa hapa Meru alinunua boti ya faiba ili afanye biashara ya samaki katika Bwawa la Masinga. Mimi nina pikapu na leseni, basi kazi ya kuivuta ikaniangukia. Kutoka Meru, tukapita daraja la Nithi na Chuka hadi Embu, sikupata shida yoyote. Trela ilinifuata kama mbuzi aliyefungwa kamba. Nikajiona dereva kweli kweli! Tukateremka kwenye joto la Mbeere hadi ukingoni mwa bwawa, na hapo ndipo nilipogundua kwamba nusu ya udereva sikuwahi kufundishwa.

Tangu 1981 Masinga ni ghala la maji la mabwawa yaliyo chini yake katika Mto Tana: Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere. Mvua ikikawia, maji yanarudi nyuma na kuacha mteremko wa matope. Pale tulipofika hapakuwa na sakafu ya saruji, ni udongo mtupu. Nikatia gia ya nyuma. Watu wanane wakaanza kupiga kelele kwa pamoja: "Kata kushoto! Kata! Nyoosha! Kulia! Wewe, kulia!"

Nikakata. Trela ikaenda kinyume na nilivyotaka, ikajikunja, na ubavu wa boti ukagonga kona ya pikapu. Kijana mmoja aliyekuwa nyuma, maji yakimfika magotini, aliruka kando na trela ikapita pale pale alipokuwa amesimama. Bwawa hilo lina viboko na mamba. Kama kijana angekuwa amegeuka kuwaangalia wao, ningempondaponda mimi.

Mnajua mjomba alisema nini? "Usijali, utazoea."

Utazoea! Neno hili ndilo ninalopigana nalo leo. Ni neno la mtu anayejua kazi lakini hajawahi kukaa chini akajiuliza anaijuaje. Kuzoea kunalipiwa, na siku ile nusura alipe kijana ambaye hata hakuwa kwenye usukani.

Hebu tuanze na shule. Mimi nilifundishwa kwa ule ubao wa mji mdogo, wenye barabara zilizochorwa na kigari cha kuchezea cha kusukuma kwa kidole. Vizazi vya madereva Wakenya wameufanyia mtihani. Unakariri: hapa naingia mzunguko, hapa natoka. Kigari changu hakikuwa na trela. Sheria yenyewe inajua kwamba trela ni somo la pekee, ndiyo maana kuna daraja la CE kwa malori mazito yenye trela. Lakini mwenye pikapu anafunga kitrela chake nyuma, anaondoka, na hakuna anayemuuliza kama anaweza kukirudisha.

Na kurudisha ndiko kugumu. Ukienda mbele, trela inajinyoosha yenyewe. Kosa dogo linajifuta. Ukirudi nyuma, kosa dogo linajizalia: trela ikipinda kidogo, kila hatua inaipinda zaidi, mpaka inajikunja. Tena trela fupi inapinda upesi kuliko ndefu, kwa hiyo kitrela cha boti kinaweza kumtesa dereva kuliko trela refu la lori.

Sasa tazama "kata kushoto". Kushoto kwa nani? Anayepiga kelele amesimama nyuma ananitazama; nikigeuka kumtazama, kushoto kwake ni kulia kwangu. Halafu kushoto kwa nini? Ili trela iende kushoto, usukani unaanza kwenda kulia. Neno moja, tafsiri nne. Mbili zinaipeleka boti majini, mbili zinampeleka kijana kaburini. Ningeandika programu yenye amri ya namna hiyo, wenzangu wangeitupa kabla ya chakula cha mchana.

Kuna watu watasema teknolojia italimaliza hili. Ni kweli, kampuni ya Ford ilileta kifaa katika pikapu zake za F-150 za mwaka 2016: unazungusha kitufe upande unaotaka trela iende, na gari linakata usukani lenyewe. Kizuri sana. Lakini niambie ni wangapi hapa Meru wana gari hilo?

Mfano ninaoupenda mimi ni wa zamani zaidi. Mwaka 1989, Nguyen na Widrow wa Chuo Kikuu cha Stanford waliifundisha kompyuta kurudisha lori lenye trela. Hawakuipigia kelele. Walianza karibu na mwisho wa safari, trela ikiwa karibu imenyooka, kisha wakaongeza umbali na kupinda somo baada ya somo. Kompyuta ilirudi nyuma mara kama 20,000, yote ndani ya mashine, bila kumponda mtu. Mashine ilipewa nafasi ya kukosea kwa bei nafuu. Binadamu anapewa mteremko, matope na watu wanane wenye sauti.

Jumapili iliyofuata nilipata uwanja mtupu Embu, na mzee mmoja aliyeendesha trekta miaka mingi. Akaniambia: "Kijana wangu, shika usukani chini kabisa. Mkono ukienda kushoto, trela itaenda kushoto. Kidogo tu. Ikikuasi, nenda mbele, inyooke, anza tena." Saa mbili baadaye nilikuwa naiingiza kati ya madebe mawili. Mkono chini ya usukani unafanya kazi ile ile ya kitufe cha Ford, bure! Na kwenda mbele ndicho kitufe chetu cha kutendua.

Najua mtaniambia madereva wa trekta walijifunza bila shule. Kweli. Mwulizeni mzee yule aliangusha nguzo na malango mangapi. Mimi nilimwuliza, akacheka, kisha akanyamaza muda mrefu.

Kwa hiyo madai yangu ni manne:

1. Kila shule ya udereva iwe na trela moja tupu na uwanja.
2. Anayeelekeza awe mmoja, aoneshe kwa mkono mahali trela inapotakiwa kwenda. Dereva asipomwona kwenye kioo, asimame.
3. Mtu yeyote asisimame nyuma ya trela inayorudi. Yeyote.
4. Kusimama na kwenda mbele kusiwe aibu.

Boti ya mjomba sasa iko majini, ina kovu ubavuni. Yule kijana ndiye mvuvi wake. Kila nikienda ananisalimia kwa heshima, lakini nikitia gia ya nyuma anapanda mlimani kabisa, na simlaumu.

Wewe je, ulifundishwa au ulizoea?