Msiuze tangi na diskasi siku moja

Biashara ya samaki wa mapambo inalipa, lakini baadhi yetu tunaiharibu wenyewe. Mteja anafika asubuhi, jioni anaondoka na tangi la kioo, mimea na diskasi sita. Baada ya wiki mbili samaki wamekufa, naye haonekani tena dukani.

Tangi jipya halina bakteria wa kutosha wa kugeuza amonia itokanayo na kinyesi, ambayo ni sumu kali. Bakteria hao huhitaji wiki nne hadi sita hivi kuenea kwenye chujio. Mwambie mteja asubiri, hata kama fedha anazo mkononi.

Diskasi kwao ni bonde la mto Amazon, Amerika Kusini. Anataka maji laini yenye joto la nyuzi 28 hadi 30, hivyo Arusha au Nairobi hita ni lazima, na hata Dar es Salaam kwenye ofisi yenye kiyoyozi. Mimea mingi haipendi joto hilo. Anubiasi ya Afrika Magharibi huvumilia. Ifunge kwenye gogo, usilifukie shina lake. Na tafadhali, usimchanganye na samaki wa Ziwa Tanganyika. Hao wanataka maji magumu.

Kwa samaki sita, tangi lisipungue lita 250. Maji ya bomba yaondolewe klorini, na angalau theluthi moja ibadilishwe kila wiki. Anayeona kazi hiyo ni nyingi muuzie gapi. Nao wanapendeza, na atarudi kununua chakula chao.