Kuiona Siku Kabla ya Kuamka Kitandani

Wako wenzetu wasemao kwamba kujilaza asubuhi na kuiwazia siku itakavyokuwa ni uvivu mtupu. Nionavyo mimi, yategemea mtu anawaza nini.

Tuwatazame watu wa huku kwetu. Uwanda wa juu wa Makonde hauna mito. Mvua ikinyesha maji huzama ardhini, na chemchemi ziko chini mabondeni. Kabla ya kuja mabomba, mama wa Newala alishuka mteremko mkali, akapanda tena na mtungi kichwani. Karl Weule, Mjerumani aliyefika Newala mwaka 1906, aliyaandika mambo hayo. Mama yule hakuwa na budi kuiona safari yote moyoni kwanza: wangapi watamtangulia chemchemini, apumzike wapi, jua litakuwa wapi wakati wa kupanda. Aliyesahau kata ya kutekea alilipa kwa miguu yake.

Mkulima wa mikorosho wa Masasi ni vivyo hivyo. Salfa ya unga, ya kuzuia ubwiri unga, hupulizwa alfajiri, umande ungali majanini na upepo umetulia. Asiyejua tangu usiku mashine iko wapi na aanzie mkorosho upi, jua humkuta bado anahangaika.

Hao hawawazii sifa za majirani. Wawazia kazi yenyewe. Hapo ndipo sisi wanafunzi tunapopotea. Tukifumba macho twajiona tumekwisha faulu Kidato cha Nne, tumevaa suti, tuko Dar es Salaam! Mwaka 1999 Lien Pham na Shelley Taylor wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, walitoa habari za uchunguzi wao kwa wanafunzi waliokaribia mtihani. Waliojiona wakisoma walipata alama nzuri kuliko waliojiona wakifurahia alama za juu.

Dakika tano zatosha. Mimi huanza na kazi nisiyoipenda, nayo ni aljebra. Naliona dawati, nakiona kitabu, namwona na rafiki atakayekuja kunipigia soga, na neno nitakalomjibu. Kisha natia jambo moja la kunifurahisha, kama mpira wa jioni, maana siku kavu mtu huikimbia hata kama aliipanga mwenyewe.

Itasemwa kuwa siku haifuati mawazo ya mtu: utaitwa kufyeka nyasi, au utatumwa dukani. Ni kweli. Hata mama wa mtungi siku nyingine alikuta maji yamepungua, akaketi kungoja yajae. Lakini alijua muda uliombakia kabla ya jua kuwa kali, wala hakuanza kufikiri pale penye matope.